Hivi kwanini vyama na harakati zetu hazigusi kabisa hataza za dawa? Tujadili

Mzururaji_Huru

Wakuu habari za jioni, naomba leo tusianze na matusi mapema.

Kuna sindano ya kukinga VVU inaitwa lenakapaviri, unachomwa mara 2 tu kwa mwaka umemaliza. Majaribio yake makubwa yalifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa mabinti, na matokeo yaliyotoka 2024 yalionesha kati ya mabinti 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyepata maambukizi. Yaani sifuri. Sasa Marekani walipoiidhinisha Juni 2025 bei ikawekwa dola 28,218 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Miezi michache baadae yakatangazwa makubaliano kwamba viwanda vya India vitaitengeneza na kuiuza kama dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027, kwa nchi 120. Dawa ileile, mwili uleule wa binadamu, mmoja analipa elfu 28 mwingine 40, na kinachozitenganisha bei hizo ni hataza, yaani karatasi inayosema huyu peke yake ndo mwenye ruhusa ya kutengeneza na huyu ndo atakayeamua nani mwingine aruhusiwe.

Alafu tazama walioachwa nje ya hiyo orodha. Brazil, Argentina, Mexico, Peru. Hao wote jaribio la pili la sindano hii lilifanyika kwao, watu wao ndo walichomwa.

Hoja yangu ni fupi. Chama cha siasa au harakati yoyote inayojiita ya wanyonge inabidi ipinge hataza za dawa, waziwazi, kwenye ilani. Kule Sweden kuna chama cha vijana wa intaneti, Piratpartiet, kilianzishwa 2006 na kikaandika kabisa kwamba mfumo wa hataza ufutwe, na 2009 kikapata asilimia 7 na kuingia Bunge la Ulaya. Hao ni watu wenye bima ya afya tangu wanazaliwa. Sisi tunaochangishana kwenye magrupu ya WhatsApp kila wiki mtu akilazwa, sijawahi kusikia mgombea hata mmoja akitaja hili jambo jukwaani. Kwanini?

Mzee_wa_Stoo

Kwa sababu sio tatizo letu kijana. Nimekaa kwenye stoo za dawa tangu enzi za kuandika leja kwa mkono, nikupe darasa la bure.

Dawa nyingi mno anazohitaji Mtanzania wa kawaida hazina hataza siku nyingi. Amoksilini, metformini, dawa za presha, oksitosini ya mama anayejifungua, chumvi ya ORS. Mtu yeyote duniani anaruhusiwa kutengeneza. Sasa nenda zahanati za vijijini uulize kama zipo muda wote. Chukua selimundu (sikoseli). Tanzania tuko kwenye nchi za juu kabisa duniani kwa watoto wanaozaliwa nayo. Dawa inayowasaidia, haidroksiyurea, ni ya zamani, haina hataza, haina mwenyewe. Waulize wazazi wenye hao watoto wanaipataje na wanalipa shilingi ngapi, wengine wanaisikia tu kwa jina. Hapo utamlaumu Mzungu gani?

Insulini hivyo hivyo. Wagunduzi wake walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki zao kwa dola 1 kila mmoja mwaka 1923 ili iwe ya watu wote. Miaka 100 imepita na bado ni ghali na bado mtoto wa kijijini mwenye kisukari anakufa.

Mkitaka siasa ya dawa pigieni kelele bajeti, ghala, magari ya kusambaza, wafamasia wa kutosha na bima. Hataza ni siasa ya semina za hotelini zenye chai na sambusa.

dogo_wa_Ubungo

Mzee wa stoo kaua uzi mapemaaa 😂😂 tufunge twende tukalale

Nyakwar_Ahero

Buda usilale. Mzee wa Stoo nakuheshimu sana lakini hapo kwa "sio tatizo letu" wacha nikuambie vile ilikuwa huku Kenya, maana enyewe tulikuwa karibu tuumie.

2008 Bunge letu lilipitisha sheria ya bidhaa bandia. Nani anaweza pinga sheria ya kupigana na vitu feki? Hakuna. Kila mtu alipiga makofi. Lakini ukisoma ile tafsiri ya "bandia" mle ndani ilikuwa imeandikwa pana hivi kwamba hata dawa ya jeneriki halali kutoka India, yaani dawa ileile imetengenezwa na kiwanda kingine, imepimwa, ni salama, inaweza kamatwa bandarini kama feki kwa sababu tu kuna mtu ana hataza yake mahali. Na si eti ni kuogopa hewa, wakati huohuo huko Uholanzi forodha walikuwa wanashika dawa za India zikipitia airport ya Amsterdam, kuna shehena ya ARV ilikuwa inaenda Nigeria ikazuiwa huko, na Nigeria yenyewe haikuwa imelalamika.

So Wakenya watatu wanaoishi na VVU wakaenda kortini 2009. Watatu tu, wakisema hizi dawa zikizuiwa sisi tunakufa, na Katiba inatupa haki ya kuishi na haki ya afya. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi akawapa ushindi, akasema haki ya mtu kuishi haiwezi kaa chini ya haki ya mwenye mali ya ubunifu, na hicho kipengele serikali ikaambiwa ikirudie. Sasa niambie ni chama gani cha siasa kilikuwa kimesimama na hao watu watatu? Wabunge wa pande zote walikuwa wamepitisha hio kitu bila kusoma.

Na hio haikuwa mara ya kwanza. Sheria yetu ya mali ya viwanda ya 2001 iliruhusu kuleta dawa ya bei nafuu kutoka nchi ingine bila kuomba mwenye hataza. Haikumaliza mwaka mmoja kuna mtu akachomekea mabadiliko kwa ule mswada wa marekebisho mbalimbali, ule hakuna mtu husoma, ati lazima kwanza uombe ruhusa ya mwenyewe. Watu wa harakati wakashtuka, wakapiga kelele mpaka ikatolewa.

So Mzee, mambo ya hataza hayakuji na jina lake mlangoni. Yanakuja yakiitwa "vita dhidi ya dawa feki".

Mzee_wa_Stoo

Hiyo ya Amsterdam naikumbuka, nakubali. Lakini feki zipo na zinaua, tusije tukafika mahali kila anayepinga feki anaitwa kibaraka wa makampuni.

Na swali langu la msingi hujajibu. Mkiua hataza nani atafanya utafiti? Kuna watafiti wa Tufts kule Boston walisema 2014 dawa mpya moja inagharimu dola bilioni 2.6. Serikali zetu zenyewe hata reagenti za maabara zinasubiri wafadhili.

Mwana_Pwani

Shikamoo Mzee wa Stoo. Hiyo bilioni 2.6 imepigwa vita sana, uchambuzi mwingine uliochapishwa kwenye jarida la JAMA 2020 ulipata kiwango cha kati kiasi cha dola milioni 985, na humo wameshahesabu na dawa zote zilizofeli njiani. Bado ni hela nyingi sikatai. Ila hesabu hiyo ikikuzwa bei inapata kisingizio.

Naomba niende Afrika Kusini maana ndo mahali pekee ambapo swali la mleta uzi lilijaribiwa kwa vitendo, na jibu lake halimfurahishi Mzururaji wala Mzee.

1997 serikali ya Mandela ilipitisha sheria ya kuruhusu dawa za bei nafuu ziingie. Makampuni ya dawa, 39 kwa jumla, yakaishtaki serikali, na Marekani ya Clinton ikaiweka Afrika Kusini kwenye orodha ya nchi za kuchunguzwa kibiashara. Kipindi hicho dawa za mchanganyiko za VVU zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mtu. Mwaka 1998 tarehe 10 Desemba ikazaliwa harakati ya TAC ya kudai matibabu ya UKIMWI, mmoja wa waanzilishi Zackie Achmat, yeye mwenyewe anaishi na VVU, akatangaza hamezi ARV mpaka zipatikane hospitali za umma. Mwaka 2000 akaenda Thailand akarudi na flukonazoli ya jeneriki, ya kutibu fangasi wa ubongo na koo, wakati Afrika Kusini hataza ilikuwa ya Pfizer na bei yake haishikiki. Aliingiza kwa makusudi, akaita waandishi, nikamateni.

Huko Marekani nako wanaharakati wa ACT UP wakawa wanamfuata Al Gore kwenye kampeni zake za urais 1999, anafungua mdomo wao wanapaza sauti kuhusu dawa za Afrika. Ndani ya mwaka msimamo wa White House ukalegea. Februari 2001 Yusuf Hamied wa Cipla ya India akatangaza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Kesi ikaanza kusikilizwa Pretoria Machi 2001, TAC wakaingia kama rafiki wa mahakama upande wa serikali, mitaani chama cha wafanyakazi COSATU kinaandamana nao, na tarehe 19 Aprili makampuni yote 39 yakaondoa kesi. Novemba mwaka huohuo ndo likaja Azimio la Doha, kwamba mkataba wa biashara usiizuie nchi kulinda afya ya watu wake.

Mpaka hapo Mzururaji anashangilia. Sasa ngoja.

Kampuni ya Boehringer ilikuwa imeshajitolea tangu Julai 2000 kutoa nevirapini BURE kwa miaka mitano, ile ya kuzuia mama asimwambukize mtoto wakati wa kujifungua. Bure, hataza haina kazi hapo. Na serikali ileile ambayo TAC waliisimamia mahakamani ikakataa kuisambaza, ikaiweka kwenye vituo vichache tu vya majaribio, kwa sababu Rais Mbeki alikuwa na mashaka kama virusi ndo vinaleta UKIMWI. TAC wakageuka. Miezi minne baada ya kusherehekea pamoja wakaishtaki serikali hiyo, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru dawa itolewe. Watafiti wa Harvard walikadiria 2008 kwamba ule ucheleweshaji wa kutoa ARV uligharimu maisha zaidi ya laki 3 na elfu 30.

Kwa hiyo wale watu walikuwa wanachama wa ANC, chama kilichokuwa madarakani, wengi wao, Achmat mwenyewe ANC damu. Na waliweza kupinga hataza kwa nguvu zote na kesho yake wakamshtaki rais wao. Mimi hapo ndo naona kipimo. Chama kinachopinga hataza ili kimtupie Mzungu lawama, alafu kinanyamaza dawa ya bure ikioza stoo, sitaki hata kukisikia. Na kinachosema "tatizo ni stoo tu" kitakuja kushtuka stoo imejaa dawa za mwaka 1985 na mpya zote ziko Ulaya.

Kisiki_Mbichi

Daah hii post ingekua kitabu. Dada umeua.

Ila nauliza, mbona siku hizi ARV ni bei ndogo tu na hataza bado zipo? Vile vidonge vya siku hizi vya TLD si ndo vina dolutegraviri, ni dawa mpya ina mwenyewe kabisa.

Mzee_wa_Stoo

Swali zuri hilo Kisiki. Kuna mfuko wa pamoja wa hataza, ulianzishwa 2010 chini ya Unitaid, shirika la kimataifa la kufadhili dawa. Mwenye dawa anautolea leseni, viwanda vya jeneriki vinatengeneza kwa ajili ya nchi masikini, kila mtu anabaki na heshima yake. Dolutegraviri iliingia humo 2014, na 2023 Mfuko wa Dunia (Global Fund) ulitangaza TLD imeshuka chini ya dola 45 kwa mwaka. Hakuna aliyefuta hataza ya mtu, hakuna aliyeandamana uchi. Waliongea wakaelewana.

Mwana_Pwani

Mzee, waliongea kwa sababu kulikuwa na watu nje ya mlango. 1999 nani alikuwa anatoa leseni? Hiari ya makampuni ilianza kuonekana baada ya Pretoria na Doha, kabla ya hapo hiari ilikuwa imelala fofofo. Na hiari ina orodha, anayeandika orodha ni mwenye hataza, ndo maana Brazil hawamo kwenye sindano ya lenakapaviri.

Kisangani_Kwetu

Jambo ba ndugu. Mimi niko mtu wa Congo, ninasoma tu kimya lakini hapa kwa utafiti niseme kidogo.

Muko mnauliza nani atafanya utafiti kama hataza haiko. Kwetu tunajua ugonjwa wa malale, ule wa mbung'o, sana sana upande wa Bandundu. Dawa ya zamani ilikuwa melasoproli, iko na aseniki ndani, sumu, ilikuwa inaua karibu mgonjwa 1 kwa kila 20 kwa sindano yenyewe. Dawa nzuri zaidi ilikuwako, eflornithini, kampuni ikaacha kuitengeneza miaka ya 90 kwa sababu wagonjwa hawana feza. Alafu mwaka 2000 ile ile eflornithini ikatokea Marekani ndani ya krimu ya kuondoa manyoya ya uso kwa wanawake. Watu wakapiga kelele ndipo 2001 kampuni ikakubali kutoa ya malale bure kupitia WHO.

Hataza ilikuwako wakati wote huo. Haikumsukuma mtu kufikiria sisi. Kidonge kipya feksinidazoli, cha kumeza nyumbani bila kuchomwa uti wa mgongo kila mara, kimetoka kwa shirika lisilo la faida, DNDi, wamefanya majaribio kwetu Congo na kikapata kibali cha Ulaya 2018. Feza ilitoka kwa serikali na wafadhili. Basi utafiti unaweza kufanyika njia ingine, tumeuona kwa macho.

dogo_wa_Ubungo

krimu ya ndevu jamani??? 😳 nimekosa usingizi kweli sasa

Mzee_wa_Stoo

Ndugu yangu wa Kisangani hiyo hoja ni nzito na sina jibu jepesi. Kwa magonjwa yetu sisi soko halifanyi kazi, hilo nilikuwa najua siku zote. Nilikuwa naongelea saratani na kisukari, huko hela ipo.

Lakini nirudi kwa mleta uzi. Hata tukipata haki kwenye karatasi hatuna mikono. Wakati wa korona India na Afrika Kusini waliomba Oktoba 2020 hataza za chanjo zisimamishwe, mjadala ukaenda mpaka Juni 2022 ndo WTO, Shirika la Biashara Duniani, ikatoa kitu kilichopunguzwa nguvu na wakati huo chanjo zimeshajaa dunia nzima. Moderna walikuwa wamesema tangu 2020 hatutamshtaki mtu wakati wa janga. Haya nani alitengeneza? Afrigen wa Cape Town ilibidi waanze karibu na sifuri, maana kuna fundi na mashine na siri za kiwandani ambazo hazimo kwenye hataza. Na ule utaratibu wa WTO wa nchi isiyo na kiwanda kuagiza jeneriki kwa leseni ya lazima (serikali inaruhusu itengenezwe hata mwenye hataza akikataa), Rwanda ndo ilioutumia, ikaomba 2007, dawa za Apotex kutoka Kanada zikaanza kufika 2008, baada ya makaratasi ya kuchosha kiasi kwamba hakuna mwingine aliyefika mwisho. Bolivia walijaribu 2021 wakagonga mwamba.

Nyakwar_Ahero

Hapo umesema ukweli, hio utaratibu ilitengenezwa na watu hawakutaka itumike. Lakini viwanda havijengwi kama sheria itamngoja mwenye kiwanda na pingu mlangoni. Waganda waliweka kile cha Luzira na Cipla 2007 na kimetengeneza ARV na dawa ya malaria miaka hio yote.

Mzururaji_Huru

Nimerudi wakuu, nilikua kazini. Nimesoma yote. Sibadilishi msimamo ila nabadilisha dai. Badala ya "futeni hataza" kwenye bango naona tungesema kitu ambacho mbunge hawezi kukwepa. Mwana_Pwani wewe unaonekana unajua sheria, kwa Tanzania tunadai nini hasa?

Mwana_Pwani

Nchi zinazoendelea kwa kiwango cha chini kabisa zimeruhusiwa na WTO zisitoe wala kulinda hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Tanzania imo, Uganda imo, Rwanda, Burundi, Congo wote wamo. Kenya haimo. Uganda waliandika hilo kwenye sheria yao ya 2014, bidhaa za dawa zimewekwa nje ya hataza kwa kipindi cha msamaha. Zanzibar walishafanya kitu cha namna hiyo kwenye sheria yao ya 2008. Bara bado tunatumia sheria ya 1987 na maombi mengi yanaingia kupitia ARIPO, shirika la hataza la kanda kule Harare. Yaani ruhusa tumepewa na kabati hatujalifungua.

Na kuna jambo watu hawalisemi. 2024 kamati ya Umoja wa Mataifa ilipitia orodha, Tanzania, Uganda na Rwanda kwa mara ya kwanza zikafikia vigezo vya kuhitimu kutoka kundi hilo la nchi masikini zaidi. Mapitio yanayofuata ni 2027. Ikija kuthibitishwa tena mchakato wa kutoka unaanza, na siku tukitoka msamaha wa dawa unaenda na cheo. Wanasiasa watashangilia kwamba tumepanda, na ni kweli tumepanda, lakini kabla ya hapo sheria iwe imeshawekwa sawa: leseni ya lazima isiyohitaji miaka ya makaratasi, haki ya raia kupinga ombi la hataza kabla halijatolewa. Hiyo ya kupinga sio ndoto. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ilikataa ombi la Johnson & Johnson la kurefusha ulinzi wa bedakwilini, dawa ya TB sugu, na waliopinga walikuwa wanawake wawili walionusurika TB, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, wote wawili walipoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya zile sindano za zamani.

Kisiki_Mbichi

Kwa hiyo raia wa Afrika Kusini aliweza kupinga hataza India ila kwake hawezi?

Mwana_Pwani

Ndo hivyo. Kwao kulikuwa hakuna utaratibu huo, TAC na wenzao wanapigania sheria ibadilishwe tangu 2011.

Mzee_wa_Stoo

Sawa. Hayo mawili, leseni ya lazima na haki ya kupinga, nitayasaini na jina langu kamili, hayahitaji kumtukana mtu. Kwa sharti moja Mzururaji: kwenye barua hiyohiyo, aya ya pili, uandike haidroksiyurea na insulini ziwepo kila hospitali ya wilaya na fungu lake la bajeti litajwe kwa shilingi. Ukiandika ya kwanza bila ya pili sisaini.

Mzururaji_Huru

Mzee nakubali, aya ya pili uandike wewe maana mimi bei za haidroksiyurea sizijui. Nitumie PM.